Swali la Sita

Buzuruga, Mwanza
14 Februari 1993

Mjomba Masalu,

Shikamoo. Ya pili mfikishie Mama Mihayo, na umwambie dagaa walifika salama. Mama Shamsia alipokuja na biashara yake aliwashusha hapa stendi mwenyewe, akakaa akanywa chai, akanipa habari zote za Kigongo kabla sijauliza. Kwa hiyo najua kwamba mgongo unakusumbua na kwamba hutaki kusema.

Sisi tunaendelea. Alexander bado yuko kwenye kiwanda cha minofu. Jioni anarudi ananuka sangara mpaka paka wa jirani wamehamia kwetu. Queen ameanza darasa la kwanza. Wiki iliyopita wenzake walipelekwa kisiwa cha Saanane kuangalia wanyama, mimi nikakataa asiende. Alilia, na baba yake akaninunia. Lakini mimi na ziwa hatuelewani, Mjomba, na wewe unajua kwa nini.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi. Tangu nilipopunguzwa kule kwenye shirika la umma nimekaa mwaka mzima nakaanga vitumbua, mpaka nikadhani taipureta nimeisahau. Sasa niko kwenye jumuiya mpya inayoitwa Jirani Mwema. Usicheke. Siku hizi kila mwenye meza na mhuri anafungua jumuiya, lakini hii ina watu wa maana. Mwenyekiti wetu ni Bi. Moza, mwalimu mstaafu, mwanamke mkali anayesahihisha hata barua za wafadhili kwa kalamu nyekundu.

Jumuiya imeamua kutoa tuzo kwa watu wanaojitolea. Hawatafutwi wakubwa, wanatafutwa watu wa kawaida ambao wamefanya kazi ya wenzao miaka mingi bila kuitwa na mtu. Kila atakayechaguliwa atapewa cheti, na kitu cha kumsaidia katika kazi ile ile. Kwa mfano Mzee Bilali, fundi cherehani wa mtaani kwetu, amefundisha mabinti kushona kibarazani kwake tangu mimi niko shule. Huyo akipita atapewa vyerehani viwili.

Nimepeleka jina lako. Nilipomweleza Bi. Moza kwamba nina mjomba anayevusha wajawazito wa kwenda hospitali, kutoka Kigongo mpaka Busisi kwa kasia, kila kivuko kinapokuwa ng'ambo au kimelala, na kwamba hapokei hata samaki mmoja, aliweka kalamu chini. Kiwanda cha samaki kimeahidi injini ya mtumbwi kwa mtu kama wewe. Injini, Mjomba!

Wala sikufichi, nina kinyongo kidogo. Wanawake wa vijiji vyote hivyo umewavusha, na mimi mpwa wako hujanipandisha kwenye mtumbwi ule hata siku moja. Nilipokuwa mdogo nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, ukanichukua ukanipeleka kwenye kivuko, ukanikatia tiketi. Nakumbuka vizuri.

Fomu nimeiambatanisha. Ina maswali sita tu. Mwenyekiti wa kijiji aigonge mhuri.

Mpwa wako,
Justa


Kigongo
21 Machi 1993

Mpwa wangu Justa,

Marahaba. Barua ilifika, na fomu ilifika, imekunjika kidogo kwa sababu Mama Shamsia aliifungia vitunguu.

Sisi hatujambo. Mama Mihayo ana kikohozi, amepona, kimerudi. Mihayo ameacha shamba amekwenda Geita kuchimba dhahabu pamoja na vijana wengine wa hapa. Alisema atarudi baada ya mwezi. Mwezi umepita. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yako kiunoni. Magugu maji yameongezeka. Asubuhi ukitoka unakuta mwalo, pale tunapoegesha mitumbwi, umefungwa kabisa, majani mabichi na maua yake ya zambarau, mazuri kwa macho, lakini mtumbwi haupiti mpaka tuyakate kwa panga. Wataalamu walikuja wakayapiga picha wakaondoka.

Hongera kwa kazi. Mwalimu anayesahihisha wafadhili namheshimu.

Fomu nimejaza. Jina, umri, kijiji, kazi, na swali la tano, watu wangapi nimewahudumia. Hapo nimeandika sijui, kwa sababu sikuhesabu. Mwenyekiti ameigonga mhuri mara mbili, wa kwanza haukutokea vizuri. Swali la sita sikulielewa, nimeliacha.

Queen mwache aende na wenzake siku nyingine. Mtoto akinyimwa ziwa Mwanza atacheza wapi.

Mjomba wako,
Masalu


Buzuruga, Mwanza
18 Aprili 1993

Mjomba,

Shikamoo, na pole na magugu. Na poleni kwa Mihayo. Nimemwambia Alexander aulize kwa madereva wanaokwenda Geita, labda kuna anayemfahamu.

Hapa kuna malaria kidogo, mdogo wake Queen alilala siku tatu, sasa anakimbia. Ofisini tumehamia chumba cha juu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo nachapa barua huku chini wanakata mabati. Nimezoea.

Mjomba, wewe umenisomesha. Ulikaa na mimi na kibatari, tukasoma pamoja kitabu chako cha elimu ya watu wazima, na ulikuwa unanipita kwa kusoma. Leo unaniambia hukuelewa swali la sita. Haya, nalinakili hapa: “Ulianza lini kazi hii, na ni jambo gani lililokusukuma kuianza?” Basi. Mistari mitano imeachwa kwa jibu. Ukijaza miwili inatosha.

Bi. Moza anasema fomu yenye swali tupu haiendi kwenye kamati. Anasema swali la sita ndilo analoliangalia kwanza, maana mengine yote mtu anaweza kumjazia jirani yake.

Nakurudishia fomu. Kalamu nimeitia ndani ya bahasha, usije ukasema ulikosa wino.

Justa


Kigongo
30 Mei 1993

Mpwa wangu Justa,

Kalamu ni nzuri, inaandika bila kubonyezwa sana. Nakuandikia kwayo.

Mihayo ameleta salamu kwa mtu. Yuko hai, ana nywele ndefu, ndiyo yote tuliyoambiwa. Mama Mihayo amefurahi kuhusu uhai na amekasirika kuhusu nywele.

Wiki ya sikukuu ya Kupaa nilivusha mwanamke wa Mbarika mwenye mapacha. Magugu yalituzuia karibu na ng'ambo, ikabidi nishuke majini nivute mtumbwi kwa kamba, maji yananifika kifuani. Mama wa mgonjwa alikuwa anasali kwa sauti na kunitukana kwa zamu. Alijifungua salama hospitali ya misheni, wa kiume wote. Mmoja wamembatiza Alexander. Nimewaambia nina mkwe wa jina hilo, kwamba ni mtu mzuri ila ananuka samaki.

Kuhusu fomu. Injini ni kitu kizuri, sikatai. Kwa kasia navuka kwa muda wa saa nzima ziwa likiwa limetulia, na mgongo huu sasa unanidai. Mwaka juzi mmoja alijifungulia katikati, nikawa mkunga mwenyewe, Mungu akasaidia. Kwa injini asingejifungulia pale. Hilo nimelifikiri sana, usidhani sijalifikiri.

Lakini mpeni mtu mwingine. Yupo mama mmoja wa hapa anayelea watoto wa marehemu dada zake, saba. Yupo yule mzee anayechimba makaburi bila kuitwa. Hao swali la sita watalijaza bila shida.

Fomu ninayo hapa. Haijapotea.

Masalu


Buzuruga, Mwanza
27 Juni 1993

Mjomba,

Shikamoo. Huku wote wazima, na Alexander amelipokea jina la mapacha kwa heshima zote. Ametaka kuwapelekea samaki, nikamkataza.

Sasa usinikasirikie. Kamati imekaa juzi, na fomu yako haikuwa imerudi. Nilichukua fomu mpya, nikaijaza yote mwenyewe kwa jinsi ninavyokufahamu, na swali la sita nikalijaza pia. Nimeandika hivi:

“Mwaka 1966 dada yake, Sabina, alishikwa na uchungu kijijini Kigongo siku ambayo ziwa lilichafuka. Mawimbi yalikuwa makubwa na hakuna chombo kilichoweza kuvuka. Ziwa lilipotulia alikuwa amechelewa, akafariki, akaacha mtoto mchanga wa kike. Tangu siku hiyo Mzee Masalu alijiapiza kwamba hakuna mwanamke atakayekosa kuvushwa akiwa yeye yu hai.”

Si ndivyo? Ndivyo nilivyosimuliwa na bibi tangu nipate akili. Nimeandika sentensi moja tu ya kwangu, hiyo ya kujiapiza, maana sijawahi kukusikia ukiapa, lakini nimekuona ukipiga kasia.

Bi. Moza aliposoma alivua miwani akaifuta. Mhasibu wetu alitoka nje. Nilikuwa sijawaambia kwamba mtoto mchanga ni mimi, nikawaambia wakati ule.

Umepita, Mjomba. Kura zote. Sherehe ni Jumamosi tarehe 4 Septemba. Mama Mihayo aanze kutafuta kitenge.

Mpwa wako mkaidi,
Justa


Kigongo
11 Julai 1993

Justa,

Tumepokea. Wote wazima.

Futa swali la sita.

Masalu


Buzuruga, Mwanza
1 Agosti 1993

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ni fupi kuliko risiti.

Siwezi kufuta. Maelezo ya washindi yameshachapwa kwenye stensili, nimechapa mwenyewe, na nakala zimegawanywa kwa kamati, kwa kiwanda na kwa wageni. Kiwanda kimeshaagiza injini. Nikienda leo kwa Bi. Moza nikasema tufute, ataniuliza sababu, na mimi sina, kwa sababu wewe hukunipa.

Nimejaribu kukisia. Labda unaona vibaya marehemu kutajwa mbele za watu. Kama ni hilo, nisamehe, lakini ni mama yangu pia. Sina picha yake. Sina hata kipande cha nguo yake. Nina habari moja tu, hiyo ya ziwa, nayo nimeibeba miaka yangu yote ishirini na saba. Siku moja ikisomwa kwa sauti mbele ya watu, nitaona na yeye amepewa heshima yake. Naomba usininyime hilo.

Nitakaposoma jina lako nataka uwe umekaa kiti cha mbele. Alexander atawapokea stendi.

Justa


Buzuruga, Mwanza
6 Septemba 1993

Mjomba,

Shikamoo. Hukuja.

Tulikuwekea viti viwili. Saa nne vilikuwa vitupu, saa tano vilikuwa vitupu, saa sita Bi. Moza akamkalisha hapo mwandishi wa gazeti na mkewe. Alexander alisimama stendi ya Buzuruga toka alfajiri akiangalia kila gari linalotoka njia ya Kigongo. Sijui kama ni mgongo, au magugu, au ni ukaidi tu. Mama Shamsia angenieleza, lakini naye ana wiki tatu hajaonekana. Nasikia yuko Ukerewe kwenye msiba.

Haya, nikusimulie hata kama hutaki. Mzee Bilali alipewa vyerehani vyake akalia kama mtoto, mabinti zake wa kushona wakampigia vigelegele. Wewe ulikuwa wa mwisho. Nilipanda jukwaani, nikasoma yale maneno, pale penye mawimbi makubwa nikarudia mstari mara mbili, nikamaliza. Bi. Moza akawaomba watu wasimame wamkumbuke Sabina. Watu mia mbili walisimama, Mjomba. Mimi nilikuwa nimeshika cheti chako, nikajisikia kama nimemzika leo na nimemzika vizuri.

Injini nimeipokea kwa niaba yako. Lori la kiwanda lililokuwa linakwenda kuchukua samaki limeipakia jana, dereva ameahidi kukukabidhi mkononi. Cheti ninacho mimi. Ukikitaka, njoo uchukue.

Nimekukasirikia, na ninakujivunia. Yote mawili.

Justa


Kigongo
22 Agosti 1993

(Nyuma ya bahasha, kwa mwandiko wa Justa: Imenifikia 19 Septemba, kwa Mama Shamsia, alipotoka msibani Ukerewe.)

Mpwa wangu Justa,

Salamu kwa Alexander na watoto. Mama Mihayo hajambo. Nakwenda moja kwa moja kwenye shauri lenyewe, maana nikianza na magugu sitafika.

Ziwa halikuchafuka siku ile. Lilikuwa limetulia, maji yamelala kabisa, unaona ng'ambo mpaka miti.

Mama yako alikuja kwetu kujifungua, kama ilivyo kawaida kwa mimba ya kwanza. Baba yako Shimba alikuwa Tabora kwenye kazi ya reli. Uchungu ulimshika alfajiri. Mkunga akahangaika naye, halafu akasema huyu amenishinda, mvusheni. Wakamleta mwaloni kwa kitanda cha kamba. Ilipata saa tatu asubuhi. Pantoni ilikuwa Busisi, inasubiri malori ya pamba.

Mimi nilikuwa pale mwaloni, na mtumbwi wangu ulikuwa pale. Ulikuwa mpya, niliuza ng'ombe wote wa urithi kuupata. Jana yake fundi wa dawa alikuwa ameuzindika, akafunga dawa mbele chini ya ubao. Mwiko unaujua, kila mvuvi hapa anaujua: mwanamke hakanyagi mtumbwi wa kuvulia. Na mtumbwi ambao haujavua bado, mwanamke mwenye uchungu hata mkono asiuguse. Fundi alisema ukikanyagwa hautaona samaki maisha, na mwenyewe nitaufuata chini.

Bibi yako akaniambia, Masalu, mpandishe dada yako. Nikasema pantoni inakuja. Akaniambia mara ya pili. Nikasema pantoni ile pale, inafuka moshi. Mara ya tatu alisema Sabina mwenyewe. Alisema, “Kaka, nitakaa katikati, sitaigusa dawa yako.” Nikamwambia vumilia kidogo.

Pantoni ilifika saa saba. Alikaa mchangani tangu saa tatu mpaka saa saba, na mimi nimesimama karibu na mtumbwi, nimeweka mkono juu yake kama mtu anayelinda ng'ombe. Kwa kasia ningekwenda na kurudi mara mbili. Wewe ulizaliwa juu ya pantoni katikati ya malori. Yeye alifikishwa Busisi, akalazwa ufukweni wakitafuta gari la kumpeleka hospitali, akafia pale, tukamzika huko huko.

Msibani watu waliuliza. Bibi yako akasema ziwa lilichafuka. Wakati anasema alikuwa ananitazama mimi. Waliokuwepo mwaloni wakanyamaza, wengi wao ni wavuvi, nadhani waliona wangefanya kama nilivyofanya. Wewe ukakua ukaambiwa hivyo, na mimi nikaacha uambiwe.

Dawa niliing'oa nikaitupa majini baada ya mazishi. Mtumbwi ule haujavua samaki hata mmoja mpaka leo. Nimevua miaka yote hii kama kibarua kwenye mitumbwi ya watu, nao walinicheka, sasa wamezoea. Wewe sikukupandisha kwa sababu nisingeweza kukuona umekaa katikati pale. Hakuna sababu nyingine.

Swali la sita linauliza nini kilinisukuma. Wewe umejaza huruma. Mimi naona haya, tangu siku ile mpaka leo, nikilala na nikiamka. Mara nyingi nilitaka kukwambia. Ulipomaliza darasa la saba nilitaka, ukawa unacheka sana siku hiyo. Ulipoolewa nilitaka. Nakupenda kama Mihayo, na niliogopa kukukosa, basi nikakaa kimya.

Tarehe nne sitakuja. Siwezi kukaa kitini maneno yale yakisomwa, tena yakisomwa na wewe. Ukishaisoma hii, amua mwenyewe kama injini hiyo inanihusu.

Mimi,
Masalu


Kigongo
17 Oktoba 1993

Mpwa wangu Justa,

Salamu kwa wote. Mama Mihayo amepona kikohozi. Mihayo amerudi, amenyoa, hana dhahabu.

Injini ililetwa mwezi uliopita. Dereva alinitaka niweke sahihi, nikaweka kwa sababu alikuwa na haraka. Iko ndani, nimeifunika gunia. Sijaifunga kwenye mtumbwi. Mama Mihayo hasemi na mimi kwa sababu yake, chakula ananiletea kwa mkono wa mjukuu. Wiki iliyopita nilivusha wawili kwa kasia, na wa pili alichoka sana njiani. Mama Mihayo alituona tukiondoka, akaingia ndani akalivuta lile gunia akalitupa nje. Nimelirudisha.

Sijui kama barua ya Agosti uliipata. Kama hukuipata, usimlaumu Mama Shamsia. Kama uliipata, sikulazimishi kujibu.

Magugu yamepungua upande wetu, upepo umeyasukuma Busisi.

Masalu


Buzuruga, Mwanza
28 Novemba 1993

Mjomba,

Shikamoo.

Watoto wazima, Alexander mzima. Nafurahi Mihayo amerudi na kichwa chake kinaonekana. Queen amekuwa wa nne darasani.

Barua ya Agosti niliipata, siku kumi na tano baada ya kusimama jukwaani. Niliisoma hapa mlangoni, nikairudisha kwenye bahasha, nikaenda kupika, nikaunguza ugali. Siku nyingi sikumwambia mtu. Kila nilipokaa kukuandikia nilikuwa natukana, na mtu aliyekulea humtukani kwa maandishi, kwa hiyo nikawa nachana. Nimechana karatasi nyingi za jumuiya.

Unajua kilichoniuma kuliko vyote? Nimelichukia ziwa tangu utoto. Nimeishi Mwanza hii nikiligeuzia mgongo, sijatia mguu majini, nimemnyima mtoto wangu Saanane, kumbe ziwa lilikuwa limelala. Halikumfanya mama kitu. Na nimelisingizia mbele ya watu mia mbili, wakasimama.

Nilikwenda kwa Bi. Moza nikamweleza. Akaniambia wageni wameshaondoka, wafadhili wamefurahi, tuache kama ilivyo. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema swali la sita huangaliwa kwanza. Basi akasema nichape upya. Nimechapa. Nakala iko kwenye faili, na nyingine ni hii ndani ya bahasha. Imeandikwa: “Alianza mwaka 1966, baada ya kumkatalia dada yake.” Kamati imesoma. Hakuna aliyesema injini irudi. Mzee Bilali, ambaye sasa yumo kwenye kamati, aliuliza jambo moja tu, kama umeshaifunga.

Kwa hiyo ifunge. Ifunge leo, kabla hujamaliza kukunja barua hii, na umwombe radhi Mama Mihayo. Wanawake wanaokuja mwaloni hawana habari na mambo yetu, wana uchungu. Kumwacha mmoja achoke njiani huku injini iko ndani chini ya gunia ni kumwambia avumilie kidogo. Usimwambie mtu maneno hayo tena, Mjomba.

Sijakusamehe. Naandika wazi ili usije ukasoma kitu ambacho sijaandika. Nimejaribu na bado. Na mapenzi nayo nimejaribu kuyaondoa, nayo bado yapo, kwa hiyo nimeyaacha yote yakae humo humo.

Kaburi la mama nimelijua kwa kupitia kivuko tu, kila mwaka, nimefumba macho mpaka ng'ambo. Jumamosi tarehe 18 Desemba nitashuka Kigongo asubuhi na Queen. Kivuko hatupandi. Utuvushe wewe, na siku hiyo injini uifungue uiache nyumbani. Tutakuja mwaloni saa tatu. Mimi nitakaa katikati. Nataka uende kwa kasia, mwendo wako wa siku zote, mpaka Busisi, nione ingekuchukua muda gani.

Justa